Barua ya wazi: Mtoto ameshafika kliniki, muulizeni mama yake

Waheshimiwa wa Wizara ya Afya, TAMISEMI, Wizara ya Elimu na Wizara ya Maendeleo ya Jamii,

Salaam nyingi kutoka Kahama. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mchele sokoni, na mwanangu wa kwanza ana miaka 6 na ana usonji (autism), hali ya ukuaji inayompa mtoto shida ya kuwasiliana na watu. Nawaandikia wote kwa mpigo kwa sababu kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa hilo ni la wenzetu. Watu wa afya walisema nenda elimu, elimu walisema mtoto hajafika umri wa shule, ustawi wa jamii walisema lete kwanza barua ya dokta, na dokta mwenyewe alisema hapa hatuna mtaalamu. Kwa hiyo nimeona barua iwe moja, kila mtu asome kipande chake na cha mwenzake pia.

Jambo langu ni moja. Mwanangu alikuwa anakuja kwenu mwenyewe, kila mwezi, nimembeba mgongoni, na kadi yake mkononi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mawasiliano yake hata mara moja.

Naikumbuka vizuri siku ya chanjo ya pili ya surua rubela, ile ya miezi 18. Tulifika asubuhi na mapema, tukapanga foleni kwenye benchi, tukamvalisha ile kaptula ya mizani akaning'inia, nesi akachora nukta kwenye kadi, nukta ikakaa kwenye kijani, akaniambia hongera mama mtoto ana uzito mzuri. Akachomwa sindano, tukaondoka. Simlaumu yule nesi hata kidogo, walikuwa wawili tu na akina mama tulikuwa tumejaa mpaka nje, na kazi waliyopewa waliifanya yote. Ila siku ile ile mwanangu alikuwa haitiki jina lake. Alikuwa haonyeshi kitu kwa kidole, ndege, mbwa, gari, hakuna. Akitaka maji alikuwa anaushika mkono wangu kama mtu anavyoshika kijiko, anaupeleka kwenye jagi bila kunitazama. Na miezi mitano nyuma alikuwa anasema "mama" na "maji" alafu maneno yale yakapotea, nami nikawa nayasubiri yarudi kama mtu anavyosubiri mgeni aliyeaga kwamba anarudi jioni.

Kama yule nesi angeniuliza, "Mama, akiona kitu kimemfurahisha anakuonyesha na wewe ukione?", ningejibu hapana. Swali la nusu dakika.

Badala yake tukaingia kwenye kusubiri. Akiwa na miaka miwili nilisema mwenyewe kituoni kwamba mtoto haongei, nikaambiwa watoto wa kiume wanachelewa. Nyumbani nikaambiwa mjomba wake aliongea na miaka minne na leo ni mwenyekiti wa kijiji. Miaka miwili na nusu jirani akasema huyo ana udata, ulimi umeshikwa, tukampeleka akakatwa, akatoka damu, akalia siku mbili, na hakuongea. Nalisema hili wazi kwa sababu najua wazazi wengi wako njiani kwenda huko huko. Mtoto mwenye usonji asipoongea tatizo huwa haliko kwenye ule uzi wa chini ya ulimi. Mwanangu alikuwa analia vizuri, anacheka, anaimba sauti zake, ulimi ulikuwa unafanya kazi, kilichokuwa hakijajengeka ni ile njia ya kumpitishia mtu mwingine kilicho kichwani mwake.

Alafu ikaja nasaha nyingine, kwenye shule moja ya chekechea, kwamba tunamchanganya na lugha, bibi yake anamsemesha Kisukuma, sisi Kiswahili, mwalimu Kiingereza, tuchague Kiingereza tu. Tukajaribu. Jamani mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nikawa nakaa na mwanangu nyumbani kimya kwa sababu sina maneno ya kumpa, na bibi yake akawa anaogopa hata kumbembeleza. Miezi minne ile inaniuma kuliko hela ya udata. Baadaye nikaja kujua watafiti wameshaliangalia jambo hili sana na hawajakuta kwamba lugha mbili zinamzidishia mtoto mwenye usonji tatizo. Anachohitaji ni watu wanaomsemesha kwa lugha inayowatoka moyoni. Kwa nini wizara isilitangaze hili kwa walimu na manesi? Halihitaji hata bajeti, ni waraka wa ukurasa mmoja.

Miaka mitatu na nusu tukapimwa masikio, na hilo lilikuwa sawa kabisa, mtoto yeyote anayechelewa kuongea apimwe masikio kwanza. Yalikuwa mazima. Tukapewa rufaa ya Dar, zaidi ya kilometa 900, basi linaondoka alfajiri, mtoto ambaye kelele zinamuumiza na kila stendi anaziba masikio na kujipiga kichwani, abiria wananiambia mchape huyo. Tulipofika alikuwa anakaribia miaka minne, na ndipo nikasikia neno usonji kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe. Kuanzia siku ile ya mizani mpaka siku ile ni zaidi ya miaka miwili. Hebu mjiulize mtoto anajifunza nini kati ya mwaka mmoja na nusu na minne, ni karibu kila kitu cha kuwa mtu katikati ya watu.

Sasa naomba mnisikilize hapa, maana hii ndiyo sababu ya barua.

Dar nilikaa na mtaalamu wa tiba ya usemi kwa siku mbili tu, hela ya kulala zaidi haikuwepo. Hakumpa mwanangu dawa wala mashine. Alinifundisha mimi. Alinikalisha chini kwenye mkeka, uso wangu uwe usawa wa uso wa mtoto, akaniambia acha kumvuta aje kwenye mchezo wako, nenda wewe kwenye wake. Mwanangu alikuwa anazungusha mfuniko. Nikapewa mfuniko wangu na mimi nikazungusha. Dakika ya kwanza hakuna kitu, ya tatu akasimamisha wake akautazama wangu, alafu akanitazama mimi. Usoni. Nililia pale pale kwenye mkeka, miaka karibu minne nilikuwa namwita aniangalie na hakuna mtu aliyeniambia kwamba mlango uko upande huo.

Akanifundisha kungoja. Mtoto akitaka kitu usikimbilie kumpa, weka biskuti kwenye kopo linaloonekana ndani na mfuniko ukaze, alafu kaa, hesabu moyoni mpaka kumi, mwangalie kama anayetegemea jambo. Akikusukumia kopo, hayo ni mawasiliano, akikutazama, hayo ni mawasiliano, mpe palepale na useme neno moja, "fungua". Neno moja, si hotuba. Mchezo anaoupenda, kama kurushwa juu, rusha mara mbili ya tatu simama, ngoja akuombe kwa namna yoyote ile. Na asikulazimishe mtu kumwambia mtoto "sema, sema, sema", maana mwanangu alikuwa amefikia kuziba masikio kila anaponiona nafungua mdomo.

Na picha. Hapa naomba niseme kwa nguvu kwa sababu nimeshakutana na manesi, walimu na hata ndugu zangu wanaosema ukimpa mtoto picha atazembea kuongea. Sivyo. Tafiti zilizofanyika juu ya watoto wanaotumia picha au ishara za mikono hazijaonyesha kwamba zinazuia usemi, na baadhi ya watoto zinawasaidia hata kuongea. Mimi sikununua kitu, nilikata pakiti ya maziwa, karatasi ya biskuti, nikapiga picha jagi letu na kiatu chake nikatoa stationari, nikagundisha kwenye vipande vya boksi. Wiki ya kwanza alivitafuna. Wiki ya tano, nilikuwa napepeta mchele uani, akaja na kipande cha pakiti ya maziwa akakiweka kwenye mkono wangu na akasubiri. Hakuuvuta mkono, alinipa. Mwanangu alikuwa na miaka minne na miezi miwili na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza.

Tuliporudi nilimfundisha bibi yake, mama mkwe wangu. Hajui kusoma wala kuandika. Nilimuonyesha mchana wa siku mbili hivi tu, kukaa chini, kuiga, kungoja, neno moja. Waheshimiwa, yule bibi amekuwa mwalimu kunizidi mimi kwa sababu ana kitu ambacho mimi sokoni sina, ana muda na hana papara. Wanakaa wanamenya karanga, yeye anashika ganda gumu, anajifanya limemshinda, ananyamaza. Mtoto anasogea. Anampa mkono. Siku moja akamwambia "menya". Nilikuwa jikoni, nikatoka mbio nikidhani kuna mgeni kaja.

Kwa hiyo mkiniambia serikali haina wataalamu nakubali, ni kweli wako wachache mno, na wengi wao wako Dar. Lakini hoja kwamba tusubiri wataalamu watoshe ndiyo sikubaliani nayo. Mwaka 2016 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanyika Goa kule India na Rawalpindi kule Pakistan, watoto 65 wenye usonji, na waliokuwa wanawafundisha wazazi hawakuwa madaktari bingwa, walikuwa wahudumu wa afya wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Wanamrekodi mzazi akicheza na mtoto, alafu wanakaa naye wanaitazama video pamoja, wanamuonyesha hapa ulimngoja, hapa ulimuwahi. Wazazi wakabadilika namna ya kuwajibu watoto wao, na watoto wakaanza wenyewe kuanzisha mawasiliano na wazazi zaidi kuliko wale ambao hawakupata huduma hiyo. Sisemi wote waliongea, utafiti wenyewe haukusema hivyo na si kila kipimo kilipanda. Usonji hauondoki na mimi siombi uondoke, naomba mtoto awe na njia ya kusema naumwa, sitaki, nipe, njoo uone.

Na Shirika la Afya Duniani, WHO, wameshatengeneza mafunzo ya namna hiyo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 wanaochelewa kukua au wenye ulemavu. Vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yametengenezwa kabisa ili yaendeshwe na watu wasio wataalamu, manesi, wahudumu wa jamii, hata wazazi wenzetu. Na sisi tunao watu hao, Januari 2024 nyie wenyewe mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Wanapita nyumba kwa nyumba wanauliza lishe, vyoo, malaria. Waongezeeni hili. Mhudumu wa mtaa wangu ana simu ya kurekodi video kama wale wa Goa.

Turudi kwenye kadi, maana ndiyo naona ni rahisi kuliko yote. Kuna dodoso linaitwa M-CHAT, maswali 20 ya ndiyo na hapana, kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30, halilipiwi, na miezi 18 yetu ya chanjo inaingia humo humo katikati. Lakini lisije tu kutafsiriwa ofisini na mtu aliyejifungia, likae kwanza na akina mama wa huku. Swali la mtoto kujifanya anaongea kwenye simu kwetu liwe kujifanya anapika kwenye kopo au kumbeba mtoto wa kitambaa mgongoni. Na lifafanuliwe vizuri suala la kutazama machoni, kwa sababu sisi watoto tunawafundisha wasimkodolee macho mkubwa, mama anaweza kuona hilo ni adabu tu. Na nesi aelezwe kwamba dodoso halimpi mtoto jina la ugonjwa, linasema tu huyu aangaliwe zaidi, apimwe masikio, na mama aanze mafunzo wiki hiyo hiyo. Narudia wiki hiyo hiyo. Mambo ya mkeka na mfuniko hayamdhuru mtoto yeyote, hata akija kuonekana hana usonji hakuna kilichopotea, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja barua ya Dar ndiyo mzazi afundishwe kucheza na mwanae.

Mkilifanya hilo mtakuwa mmeziba shimo ambalo nadhani mkiwa ofisini hamlioni. Baada ya chanjo ya miezi 18 akina mama wengi tunaacha kliniki, mtoto ana afya, unaenda kufanya nini, na darasa la awali ni miaka mitano kwenda juu. Hapo katikati sijaona mtumishi wa serikali anayeuliza mtoto anawasiliana vipi. Na hiyo katikati ndiyo miaka ya kuongea.

Watu wa MMMAM, yaani Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, hapo nawaangalia nyie. Programu yenu ya 2021/22 mpaka 2025/26 imeandikwa kwa watoto wa miaka 0 mpaka 8, imeunganisha wizara hizi hizi ninazoziandikia, mmefanya jambo kubwa. Awamu inayofuata iwe na mstari wake wa mawasiliano ya mtoto, wenye mtu anayewajibika na wenye fungu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009, na kifungu cha 25 kinataja utambuzi wa mapema na hatua za mapema, kwa hiyo siombi hisani.

Wizara ya Elimu, shukrani kwa vitengo vilivyopo, kama cha shule ya msingi Msimbazi Mseto kule Dar, na walimu wa elimu maalum wanaotoka chuo cha Patandi kule Arusha. Lakini mwalimu wa awali wa kawaida, yule wa Kahama mwenye watoto mia kwenye chumba kimoja, naye apewe hata siku tatu za picha, ishara na kungoja, kwa sababu mtoto kama wangu anayemkuta kwanza ni yeye. Na amfahamu mtoto anayerudia tangazo la redio neno kwa neno. Wa kwangu akiogopa anasema tangazo la sabuni, lote, mpaka mwisho. Mwalimu wake wa kwanza alimchapa kwa hilo akidhani ni utundu. Yale ni maneno aliyonayo, anayatumia kusema naogopa, mwalimu akijua hivyo anaweza kumjibu na kumpa maneno mengine pole pole.

Na wataalamu nao tunawahitaji, sijasema tuwaache. Chuo Kikuu cha Makerere kule Uganda wenzetu wanatoa shahada ya tiba ya usemi tangu 2008, hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha tiba kwa vitendo. Tengenezeni nafasi za ajira kwenye hospitali za rufaa za mikoa, hata mmoja kwa mkoa, kazi yake isiwe kukaa chumbani na mtoto mmoja mmoja, iwe kuwafundisha na kuwasimamia wale manesi na wahudumu. Bima nayo ilipie vikao hivyo, maana mzazi akilipa mfukoni, mwenye kuuza mchele anachagua kati ya kikao na ada ya shule ya mtoto mwingine.

WHO wanakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Siku ya kliniki yenye watoto mia na kitu, mmoja wao yupo pale kwenye mizani.

Mwanangu leo ana maneno kama 60, na picha zake kwenye kamba shingoni. Asubuhi anamfuata bibi yake anamwambia "bibi karanga". Juzi ameniita uani, akanyoosha kidole juu, kidole kabisa, akasema "ndege". Nilikuwa nimeshajizoesha kwamba hilo halitakuja. Kila nikimtazama najiuliza angekuwa wapi tungeanza miezi 18.

Mdogo wake wa kike anatimiza miezi 18 mwezi ujao. Mtoto ambaye ndugu yake ana usonji, takriban 1 kati ya 5 naye anakuwa nao, hilo nalijua, kwa hiyo namwangalia kila siku na usiku silali vizuri. Nitampeleka chanjo kituo kile kile, tutakaa benchi lile lile, atapimwa uzito na nesi atachora nukta yake. Nawaomba mpaka siku hiyo muwe mmempa yule nesi japo swali moja la kuniuliza kabla hajamwita mwingine: mama, akiona kitu kimemfurahisha, anakuonyesha?

Mimi, mama wa watoto wawili,
Kahama